Tope Lililopita Chini ya Maji Meupe

Giza lilitoka chini. Naanza na hilo kwa sababu nikilisema watu hudhani nimechanganya. Mtu akiwa ndani ya maji, giza analolijua hutoka juu: wingu limefunika jua, au mtumbwi umepita kichwani. Siku ile juu palikuwa peupe kabisa. Niliinua macho nikaona tumbo la boti yetu, nikaona maboya ya kizimba cha samaki, jua linachezacheza. Nikateremsha macho kwa shemeji yangu, aliyekuwa chini yangu akikagua kamba ya nanga, na sikuona miguu yake. Nikaona kiuno. Halafu nikaona mabega tu, kama mtu anayezamishwa kwenye sufuria ya uji. Aliinua uso akanitazama kupitia miwani yake ya kuzamia. Sijui kama alikuwa ameelewa. Mimi sikuelewa, na mpaka leo ninapoandika sijaelewa sawasawa.

Halikuja kama wimbi. Halikuwa na kelele. Kamba niliyoishika ilikaza ikatetemeka mkononi, ikaanza kunivuta kwenda upande wa kina, kama vile huko chini kuna ng'ombe aliyefungwa nayo shingoni na anatembea zake. Wavu wa kizimba ukajikunja. Sato wote wakapanda juu kwa pamoja, wakanipigapiga usoni. Nilinyoosha mkono kumtafuta shemeji, nikaupata mpira wake wa hewa, ule unaotoka kwenye kompresa ya boti hadi mdomoni. Nikauvuta. Ukaja. Ulikuja mwepesi, na ncha yake ilikuwa inatoa mapovu tu, hakuna mtu.

Kisha na mimi nikafunikwa, mpira wangu ukanitoka mdomoni, nikameza. Ladha yake naijua hata leo. Nilitegemea mchanga. Lakini haukuwa mchanga, hapakuwa na hata chembe ya kusagika menoni. Kilikuwa kitu laini kama unga wa muhogo, baridi, kizito.

Sikumbuki nilivyopanda. Mwenzetu aliyekaa kwenye boti kuangalia kompresa ndiye aliyenishika shati. Nikatapika kahawia ndani ya boti. Yeye anatazama maji, ananitazama mimi.

"Umekula nini wewe? Mwenzako yuko wapi?"

Nikamwonyesha maji. Na maji, Mungu wangu, yalikuwa meupe. Pale juu tulipokuwa ungeweza kuchota ukanywa.

Nirudi nyuma. Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo anayesoma haya asitegemee maneno ya kitaalamu. Majina pia sitayaandika, ya marehemu wala ya wazima. Lakini waliohusika nitawataja kwa kazi zao, na mwaloni kwetu hakuna atakayeuliza ni nani.

Mwalo wetu, pale mitumbwi inapotua na samaki kushushwa, uko upande wa Ilemela. Siku anga ikiwa safi unaviona vilima vya Sengerema ng'ambo ya ghuba. Kikundi chetu kilikuwa na vizimba vya sato, na kazi yangu na shemeji ilikuwa kuzamia: kukagua nyavu kama zimetoboka, kutoa samaki waliokufa, kutazama nanga. Nanga zetu ni viroba vilivyojazwa mchanga na kushonwa mdomo, vimefungwa kamba. Kila mtu mwaloni hufanya hivyo, chuma ni ghali na huibwa.

Shemeji huyo ni mdogo wake mke wangu. Tuliishi kwa kutaniana. Mimi nina mwili, yeye alikuwa mwembamba kama kasia, basi kila nikijitupa majini lazima aseme.

"Shemeji, taratibu. Sato watadhani kiboko amerudi."

"Kiboko ndiye aliyemwoa dada yako."

"Ndiyo maana mama alidai ng'ombe wengi. Alijua anakokwenda binti yake!"

Alikuwa anacheka mpaka ndani ya maji. Ungeona mapovu yanatoka kwa fujo, ukajua amekumbuka utani wa asubuhi.

Sasa ikaja mashine. Ni pantoni ya chuma yenye pampu kubwa, inanyonya mchanga chini ya ziwa, inauosha kwenye chekecheke, mchanga safi unarundikwa ufukweni na malori yanaubeba. Unakwenda Buswelu na kwingine kunakojengwa. Mimi mwenyewe napanga Buswelu, na kwenye lipu ya chumba changu kuna makonokono madogo madogo ya ziwani. Nikilala natazamana nayo. Maji machafu yanayobaki baada ya kuosha yalirudishwa ziwani kwa bomba.

Mwanzoni bomba lilimwaga karibu na nchi kavu. Maji yakawa rangi ya chai. Kina mama wanaosafisha dagaa walilalamika, sisi wa vizimba tukalalamika, mkutano ukaitwa. Nataka mkutano huu ukumbukwe, kwa sababu wapo wanaosema leo kwamba haukuwahi kuwepo.

Alikuja mwenye mashine mwenyewe, shati limenyooka, kofia ya majani. Aliyeongoza ni mwenyekiti wa mwalo. Mwenye mashine akasema atarefusha bomba, litoke mwaloni lifike kwenye mdomo wa korongo, huko kwenye kina, na uchafu hatutauona tena. Korongo hilo tunalijua sote. Ni bonde lililoko chini ya maji, linaanza karibu na miamba na kuteremka kwenda kati ya ghuba. Watega nyavu hulijua kwa sababu pale kamba ya kawaida haitoshi.

Mama mmoja akauliza uchafu huo utakwenda wapi. Mwenye mashine akaomba jagi la kioo kwa mama ntilie, likajazwa maji. Akainama kwenye rundo la mchanga wake, akachota gao moja, akaachia ndani ya jagi. Mchanga ukashuka ukatua chini, maji yakabaki kama yalivyokuwa.

"Mnaona? Mchanga ni mzito. Ukiachiwa, unaanguka hapo hapo. Hauna miguu."

Watu wakapiga makofi. Shemeji yangu, mdomo haumkai, akasimama.

"Mzee, shikamoo. Huo si umeshaoshwa? Tutilie na ule unaotoka kwenye bomba, tuone kama nao hauna miguu."

Watu wakaangua kicheko. Mwenyekiti akapiga meza.

"Wewe kijana kaa chini. Mgeni anatuelimisha, wewe unaleta utani wa kwenye palizi."

Akakaa. Mwenye mashine alitabasamu, akamrudishia mama ntilie jagi lake. Basi, hapo ndipo swali lilipoishia. Aliyeuliza alikuwa anatania, sijui kama na yeye mwenyewe alijua ameuliza kitu. Lakini liliulizwa, tulikuwepo, na mwenye kulijibu alikuwa amesimama mbele yetu na rundo la mchanga safi miguuni na bomba nyuma yake.

Bomba likarefushwa. Mwenyekiti akatuambia vizimba navyo tuvihamishe mbali na mdomo wa bomba, kwa usalama wetu. Tukafanya kama wanavyofanya watu wa vizimba mwaloni kwetu. Ukitaka kujua maji yanakwenda wapi, unamwaga pumba asubuhi upepo unapotoka nchi kavu, unamwaga tena jioni unapogeuka, unafuata kwa mtumbwi uone zinaelea kuelekea wapi. Tukamwaga pumba juu ya mdomo wa bomba. Asubuhi zikaenda upande wa kaskazini, jioni zikarudi kwenye miamba. Hata mara moja hazikuteremka upande wa korongo. Mahali pa salama, tukasema, ni juu ya korongo, kule linakoteremkia: pumba haziendi, kina kinatosha, samaki watapata hewa. Tukavikokota vizimba tukaviweka pale, mbali sana na bomba. Tulifurahi. Mama mmoja alipiga kigelegele.

Pumba hazikudanganya. Zilisema ya juu, na ya juu yalikuwa kweli. Sisi maisha yetu yote ziwa tunalisoma kwa upepo. Nani angetuambia kwamba kuna kitu kinapita chini bila kuuliza upepo?

Maji ya mwalo yakawa meupe tena. Kina mama wakaosha dagaa. Mwenyekiti akawa anatembea kama yeye ndiye aliyelisafisha ziwa.

Halafu likatokea jambo ambalo hakuna aliyeona ni jambo. Mchanga mzuri uliisha pale mashine ilipokuwa. Wakaihamisha pantoni kwenye kijighuba cha jirani, palipokuwa na mafunjo zamani. Bomba likabaki kumwaga pale pale, kwenye mdomo wa korongo. Mwendesha mashine, mtu wa ng'ambo huko, tulikuwa tunakula naye kwa mama ntilie. Siku moja alikuja amechafuka mpaka nyusi.

"Huko mmenipeleka wapi jamani," alisema. "Mchanga wa kule ni kama nguruwe. Unamwosha, unamwosha, bado mweusi. Nusu ya ninachonyonya ni uji."

Shemeji akamwambia, "Uji usiutupe, tuletee na sukari."

Tukacheka, tukala. Sasa kila nikikumbuka sahani ile najiuliza: pale mezani kila kitu kilikuwa kimeshasemwa, sivyo? Kilichotoka kwenye bomba kilikuwa kimebadilika. Mwanzo ilikuwa mchanga mchanga na maji kidogo ya kahawia. Sasa ilikuwa lile tope laini la mafunjo. Mwendesha mashine alijua kwa sababu lilimpaka usoni. Mwenye mashine alijua kwa sababu yeye ndiye aliyemhamisha. Mwenyekiti alijua kwa sababu alikwenda kuonyesha mahali. Hakuna aliyekuja kwa watu wa vizimba kusema: jamani, hiki si kile cha kwenye jagi.

Baada ya hapo ndipo ikaja siku ile.

Walimtafuta. Wazamiaji wa mialo mingine walikuja, watu wazuri, hawakudai kitu. Waliposhuka walisema chini hakuna chini. Ukiweka mkono unazama mpaka bega, ukiutikisa hata kidogo giza linapanda na huoni pua yako. Viroba vya nanga havikuonekana, vimefukiwa. Vizimba vilikuwa vimekokotwa vikajibana kimoja juu ya kingine. Wakashuka tena na tena, mwishowe mkubwa wao akanishika bega akasema, "Kaka, tutaongeza maiti nyingine." Nikamwelewa.

Akaja ofisa mmoja na chupa. Akainama kwenye boti, akachota maji ya juu, akayanyanyua kwenye jua. Akasema maji ni safi. Nilikuwa nimekaa naye boti moja. Nilitaka kumsukuma. Nikasema, "Mheshimiwa, chota na ya chini." Akasema hakuja na kamba.

Mwenye mashine alikuja msibani na kofia yake mkononi. Akasema ni kazi ya Mungu, na kwamba ziwa siku zote lina mikondo yake. Eti mikondo. Mimi nimezamia tangu sijaota ndevu, mkondo wa ziwa naujua unavyosukuma. Ule haukunisukuma. Ulinibeba.

Baadaye alikuja dada mmoja, mtaalamu wa mambo ya chini ya maji, ametoka mbali. Sina ubaya naye. Alikaa na mimi kwenye jiwe akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akanieleza. Nilichokishika ni hiki. Mchanga mnene huanguka haraka, hauendi mbali. Tope laini halianguki upesi, linaning'inia ndani ya maji na kuyafanya maji yale yawe mazito kuliko wenzake, na maji mazito hushika mteremko yakapita chini ya maji mepesi, kama mto ndani ya ziwa. Likirundikana kwenye mdomo wa mteremko, siku moja rundo linaweza kumeguka lote. Lakini likiwa zito kupita kiasi, lenye ule udongo wa mfinyanzi unaonata, linaweza kuteleza kama kipande kimoja, au likasimama kabisa lisiende popote.

"Kwa hiyo lile lilikuwa lipi?" nikamuuliza.

"Inategemea, kaka. Inategemea ukubwa wa chembe, na udongo wa mfinyanzi ulikuwa kiasi gani, na mteremko."

"Mtu amekufa, unaniambia inategemea?"

Aliinamisha kichwa. "Sijapewa sampuli ya kilichotoka kwenye bomba. Nimeiomba."

Nikaona afadhali nijaribu mwenyewe. Nyumbani nilikata pipa kwa urefu nikalijaza maji, nikaweka ndani kipande cha bati nilichokikunja kama mfereji, kimelala mteremko. Jirani anajenga, nikachota mchanga wake. Tope nililichukua kijighubani kwenye ndoo. Mke wangu alikuwa anachambua mchicha kibarazani.

"Baba watoto, unapika nini tena?"

"Sipiki. Natazama."

Nikamwaga mchanga juu ya bati. Ukatua, ukatambaa kidogo, ukasimama. Sawa na kwenye jagi. Nikakoroga tope jepesi, nikamwaga. Lilijikunja likashika bati, likateremka kimya hadi mwisho wa pipa, na juu yake maji meupe. Mke wangu aliacha mchicha. Nikachanganya tope na mchanga, na hapo ndipo nilipochoka kabisa: ule mchanga ambao peke yake hauna miguu, sasa ulibebwa na tope mpaka mwisho. Nikalifanya zito zaidi, likateleza kama kipande cha ugali kinavyoteleza kwenye sahani. Zito zaidi ya hapo, likakaa. Nikarudia lile la kwanza, likaenda tofauti na mwanzo. Nilirudia mpaka bati likakunjamana. Kila nikidhani nimelikamata, linanionyesha sura nyingine.

"Kumbe ilikuwa hivyo," mke wangu alisema, kanga mdomoni.

"Sijui kama ilikuwa hivyo."

"Basi acha."

Sikuacha. Nitaachaje? Ningependa siku moja mtu aniambie ni lipi kati ya hayo lililomchukua, kwa sababu nisipojua lilikwendaje sitajua limemweka wapi. Pale korongoni tulipokuwa? Au limemburuta mpaka kati ya ghuba?

Na hili si la kwangu peke yangu. Sisi Wasukuma mama mkwe unamheshimu kwa kumwepuka. Mimi kwa miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kukaa naye chumba kimoja wala kula mbele yake. Tukikutana njiani, mmoja hupisha vichakani. Salamu hupitia kwa mke wangu. Sasa juzi nimekaa mlangoni nashona wavu, nikaona kivuli. Nainua uso, ni yeye. Amekuja kwa miguu, peke yake, ameelekea kwangu moja kwa moja. Nikainuka nipishe, nikakosa pa kupita. Akageuza uso ukutani, akasema na ukuta.

"Mkwe."

Nikasema, "Shikamoo mama," nami nikitazama chini.

"Mwanangu umemwacha wapi?"

Nikaushika wavu kwa mikono miwili.

"Katekista anasema tumwombee, tumalize matanga. Ninamalizaje? Nimempikia nani, nimemzika nani? Nipeni hata mfupa niuweke pale alipolala baba yake. Wewe ndiye uliyekuwa naye, mkwe. Wapi?"

Mwanamke aliyevunja heshima ya maisha yake yote kuja kuniuliza neno moja, na mimi sikuwa nalo. Nilimwambia, "Mama, sijui." Alikaa kidogo na ule ukuta, ule wenye makonokono, halafu akaondoka. Mke wangu alimfuata mpaka barabarani.

Kwa hiyo nasema sasa, kwa maandishi, maana nikisema kwa mdomo mwenyekiti hupiga meza.

Wewe mwenye mashine: pantoni yako bado inanguruma kule, naisikia kila nikishuka mwaloni. Pampu unayo, bomba unalo, chekecheke unalo. Mashine inayoweza kunyonya kilima cha mchanga chini ya maji inaweza kunyonya tope la korongo. Ilete. Inyonye taratibu, kuanzia pale vizimba vilipokuwa na kuteremka, sisi tukisimama kwenye chekecheke na mikono yetu, mpaka mama apate chake cha kuzika. Usiniambie kina ni kikubwa. Kwenye kumwaga hakikuwa kikubwa.

Wewe mwenyekiti: itisha mkutano tena, pale pale, na mama ntilie alete jagi lile lile. Bado analo, nimelikuta juzi linatiliwa juisi. Safari hii uchotwe ule wa kwenye bomba, mbele ya watu, na yule dada mtaalamu apewe sampuli aliyoiomba.

Na wewe ofisa wa chupa, uje na kamba.

Kijana aliuliza swali amesimama, mkamkalisha. Hajajibiwa. Ninataka mmoja wenu asimame amjibu, na mama yake awe amekaa mstari wa mbele.